Sauti Inayochelewa

Taa ya mkanda ilipowaka nyekundu mara ya kwanza, Daktari Belina Kihwele alidhani kifaa kimeharibika. Aliufungua mkanda kutoka kwenye paji la uso la Mzee Osmund Gama, akaufuta kwa spiriti, akamfunga tena, akamsomea maelezo yote upya tangu mwanzo. Nyekundu vilevile. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, anacheka mpaka kitanda kinalia.

"Mtani, hicho kidude chako kimezoea vichwa vya Kihehe," alisema. "Vichwa laini. Leo kimekutana na cha Mgoni, kimegonga mwamba."

Mara ya pili Belina alimwomba daktari mwenzake kutoka Moshi asome badala yake, maana aliona labda utani ndio unaoharibu kazi. Mzee alimsikiliza yule bwana kwa adabu zote. Aliitikia panapopaswa kuitikia, akauliza maswali mazuri, akashukuru. Taa ikawaka nyekundu. Alikuwa amesikiliza kama vile anasimuliwa ugonjwa wa jirani.

Leo ilikuwa mara ya tatu, na sheria haikuwa na mara ya nne.

Tuseme ukweli, Sheria ya Kuelewa haikutungwa na watu wabaya. Ilitungwa baada ya miaka na miaka ya watu kutia dole gumba chini ya karatasi ambazo hawakuzisoma, wakaamka hawana mguu, hawana kizazi, na walipouliza wakaonyeshwa dole gumba lao wenyewe. Basi ikaamuliwa kwamba saini haitoshi, kutikisa kichwa hakutoshi, na "ndiyo daktari" ndiyo haitoshi kabisa. Mgonjwa avae mkanda. Mkanda unafuatilia damu inavyotembea ubongoni wakati habari inaingia. Wataalamu waliouunda walikuwa wamegundua jambo moja: mtu akielewa kweli habari inayomhusu, ubongo wake huanza papo hapo kuipanga kesho upya. Nani atapalilia shamba, nani atamlea huyu mtoto, ile safari ndiyo basi tena. Upangaji huo una alama yake, na huwezi kuughushi kwa kukunja uso. Alama ikionekana, taa ya kijani. Isipoonekana, nyekundu.

Ikiwaka kijani, neno la mgonjwa ni la mwisho, awe amesema ndiyo au hapana. Hakuna daktari, ndugu wala hakimu wa kulifungua tena. Ikiwaka nyekundu mara tatu, mgonjwa anahesabiwa kuwa hakuweza kuelewa, na uamuzi unahamia kwa ndugu yake wa karibu.

Ndugu wa karibu wa Mzee Gama alikuwa binti yake, Gaudensia, mwalimu wa hesabu. Asubuhi hiyo alikuwa anamsubiri Belina nje ya chumba cha maelezo, amesimama, mkoba kifuani.

*

"Daktari, naomba dakika moja kabla hujaingia."

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Si nzuri. Sijalala." Gaudensia alitazama huku na huku, kisha akamvuta Belina karibu na dirisha, mahali ambapo milima ya Matogoro ilionekana na ukungu wake. "Leo utasoma wewe au yule mwingine?"

"Nitasoma mimi."

"Utasoma yale yaliyoandikwa?"

Belina alielewa swali linakotokea.

Kooni mwa Mzee Gama mlikuwa na uvimbe. Ile mashine ambayo hospitali nzima inaiita Pua iliunusa kwenye pumzi yake siku alipokuja kuomba dawa ya sauti kukwaruza. Mzee hakusikia maumivu yoyote, hamu ya chakula ilikuwa tele, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Ukiachwa, uvimbe ule ungeziba koo kabla mvua nyingine hazijaanza, na kifo chake kingekuwa kigumu. Ukikatwa pamoja na kisanduku cha sauti, mzee angeishi. Hapakuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu hilo. Halafu angewekewa koo la bandia, ambalo lingesikilizishwa sauti yake mwenyewe kutoka kwenye video zote za misibani ambazo watu walikuwa wamezihifadhi, na angezungumza kwa sauti ileile aliyozaliwa nayo.

"Nimeyasoma yale maelezo mwenyewe," Gaudensia alisema. "Nimeyarudia mpaka nimeyakariri. Kila neno ni la kweli. Kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi soma hivyohivyo, usiongeze wala usipunguze. Sikuombi udanganye, sikuombi uvunje sheria. Soma tu, baba acheke kama kawaida yake, taa iwake nyekundu, uamuzi uje kwangu. Mimi nitasema ndiyo hata kabla hujamaliza kuniuliza."

"Na akizinduka?"

"Atanichukia. Anichukie akiwa hai." Aliukaza mkoba kifuani. "Mama alitutoka mimi nikiwa darasa la tano, daktari. Aliyenisuka nywele ni yeye, kwa vidole vile vinene, nikaenda shule nachekwa. Sina mwingine. Sauti nitaizoea, yoyote ile. Kaburi sitalizoea."

Belina alimshika mkono. Alitamani sana kumwambia sawa. Lilikuwa jambo jepesi mno, na hakuna ambaye angekuja kumuuliza.

"Kwa nini unafikiri akielewa atakataa?" aliuliza.

"Namjua baba yangu. Na wewe unamjua," Gaudensia akasema. "Ndiyo maana nimekuja kukusubiri hapa."

Ni kweli alimjua. Wangoni na Wahehe walipigana zamani sana, na mpaka leo kila upande unaapa kwamba mwenzake ndiye aliyekimbia. Ugomvi ule umebaki kuwa utani, na mtani wa kweli kazi yake huonekana msibani. Mzee Gama alikuwa mtani wa kuitwa. Mhehe akifariki popote kati ya Songea na Njombe, gari lilitumwa kumfuata. Akifika alifanya mambo ambayo mtu mwingine yeyote angepigwa: alilala kwenye kitanda cha marehemu, alidai chakula cha marehemu, alikaa kwenye ukingo wa kaburi na kukataa katakata marehemu asizikwe mpaka yeye aombwe radhi kwa kuwa marehemu ni wa kabila la waoga.

Siku ya mazishi ya baba yake Belina, mzee huyu alivaa koti la marehemu akatoka nalo uani, akaanza kugombeza watoto kwa lafudhi ileile ya baba yao: nani kaacha koki wazi, nani kamaliza sukari. Mama yake Belina, ambaye tangu siku ya kifo hakuwa ametia kitu mdomoni, aliinua uso akafungua mdomo kumkemea. Kabla neno halijatoka mzee alikuwa ameshalidaka na kulijibu. Mama akacheka. Alicheka huku analia, kisha akaomba uji. Belina wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na aliondoka pale akijua kuna tiba ambazo hafundishwi darasani.

"Nitamsomea," alimwambia Gaudensia. Hakusema zaidi ya hapo, na Gaudensia akaipokea kauli ile kwa tafsiri aliyoitaka yeye. Alishukuru mpaka Belina akaona haya.

*

"Kaa mbali na mlango, usije ukatoroka," Mzee Gama alimpokea. "Ninyi mkiona Mgoni mnatafuta njia."

"Nimekuja mwenyewe na wewe ndiye uliyefungwa mkanda. Nani katekwa?"

"Eeh! Leo umeamka vizuri."

Belina alimkaza mkanda, akahakikisha vile vifundo vidogo vimegusa ngozi, akakaa kwenye kiti mbele yake. Juu ya mlango taa ilikuwa haijawaka. Alifungua maelezo kwenye kioo cha kishikwambi akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Alisoma habari za uvimbe, ukubwa wake na mahali ulipojishika. Alisoma habari za kuziba kwa koo. Mzee akasema kwamba koo la Mgoni halizibiki, lilishameza ng'ombe wa Wahehe na pembe zake. Alisoma habari za upasuaji. Mzee akauliza kama hicho kisanduku cha sauti kikishatolewa atapewa aende nacho nyumbani, maana kuna watu wangekinunua. Kitanda kikaanza kulia kwa kicheko. Belina mwenyewe alicheka, huku moyo unamuuma.

Akafika kwenye aya ya koo la bandia. "Sauti mbadala inalingana na sauti ya awali ya mgonjwa kwa vipimo vyote vya usikivu. Mgonjwa anaweza kuhisi ucheleweshaji mdogo wakati wa mazungumzo."

Basi. Ilikuwa sentensi moja, imeandikwa na mtu mwaminifu ambaye hakuwa na nia mbaya. Belina aliijua maana yake. Koo la bandia linasoma mishipa inayokusudia kusema, na kabla ya kutoa neno linasubiri kidogo lipate uhakika kwamba ndilo lenyewe. Mama mmoja muuza nyanya aliyewekewa mwaka uliopita alikuwa anaendelea na biashara yake, anasali, anagombana na mumewe, hana shida kabisa. Kusubiri pumzi moja kabla ya kutaja bei hakumdhuru mtu.

Zilibaki aya mbili. Angezimaliza, taa ingewaka nyekundu, angetoka nje akamkuta Gaudensia, na mzee huyu angekuwa hai mwakani na mwaka wa kufuata. Belina alitaka hivyo. Alitaka kwa nguvu zake zote, na aliona aibu kwamba anataka.

"Malizia basi, mtani," mzee alisema. "Kuna msiba Mshangano, Mhehe mwenzenu mmoja kafariki jana. Nataka niwahi kitanda chake kabla hawajakitoa nje. Halafu huo upasuaji wenu mnipangie mapema. Nikilala wiki mbili, tatu, nitakuwa nimepona vizuri kwa ajili ya arobaini yake. Watakoma siku hiyo."

Belina aliinua macho kutoka kwenye kioo.

Alimwona mzee huyu kwenye arobaini. Alimwona amesimama uani mbele ya watu wote, amevaa koti la marehemu, mjane anainua uso na kusema neno, watu wote wanamgeukia Gama kusubiri. Na Gama anajua jibu. Jibu liko kooni, halitoki. Hapo ndipo angeelewa, mbele ya kadamnasi, baada ya kila kitu kwisha kukatwa.

Aliweka kioo chini.

"Mtani," alisema, "hebu nitanie."

"Nikutanie? Nimekuwa nafanya nini tangu asubuhi?"

"Nitanie, nikujibu."

Mzee alijiweka sawa kitandani. Alipenda kuombwa. "Haya. Babu zako walipotuona tunakuja, walikimbia mpaka wakaacha vyungu vinachemka jikoni."

Jibu lilimjia Belina palepale. Akalizuia. Alivuta pumzi moja nzima, akaitoa, ndipo akasema: "Tuliviacha makusudi. Tuliona mnakuja na njaa."

Mzee alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikujua likae wapi. "Jibu zuri. Mbona umelala?"

"Endelea."

"Na mtemi wenu Mkwawa—" akajirekebisha, "na ngome yenu ile ya mawe mliyojificha ndani, mlijenga ya nini kama si woga?"

Belina alivuta pumzi, akaitoa. "Tuliijenga msije mkatuibia mbuzi."

Mzee hakucheka. Alimkazia macho. "Daktari, unaumwa?"

"Endelea, mzee wangu. Moja tu tena."

"Nimesema nina msiba. Ukiendelea hivi nitakukuta wewe ndiye—"

"Mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda," Belina akasema, na maneno yao yakagongana, yake ya nyuma na ya mzee ya sasa, yakaanguka yote mawili. Chumba kikawa kimya. Ni ukimya wa kuudhi, ule unaokuwapo mtu anapoharibu utani mbele ya wageni.

"Unafanya nini?" Mzee Gama aliuliza. Hakuwa anatania.

"Ndivyo utakavyokuwa."

"Mimi?"

"Ukiwekewa lile koo. Sauti itakuwa yako kabisa, mwanao hatajua tofauti. Ila itakuja ikiwa imechelewa. Kiasi hiki nilichochelewa mimi."

"Mpaka nizoee."

"Hapana, mzee. Siku zote. Si jambo la kuzoea, ndivyo lilivyotengenezwa. Nimeuliza, nimeandika mpaka kwa waliolitengeneza. Huenda siku moja watalirekebisha. Siwezi kukuahidi."

Mzee alitazama mikono yake. Belina aliona vidole vile vinene vikitembea juu ya goti, kama mtu anayehesabu watu waliokaa uani. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti: alikuwa anasema neno, anasubiri, anajijibu. Alijaribu mara nyingi. Kila mara uso wake ulizidi kuporomoka.

"Mjane atakuwa ameshatazama chini," alisema hatimaye, taratibu.

"Ndiyo."

"Akishatazama chini humpati tena."

"Ndiyo, mtani."

Juu ya mlango taa ikawaka kijani.

*

Taa ikishawaka kijani, sheria inamfunga daktari mdomo. Anaruhusiwa kujibu anachoulizwa na kuuliza swali moja. Haruhusiwi kushawishi.

"Nisipokatwa, ni kifo cha namna gani?" mzee aliuliza.

Alimwambia. Hakumpunguzia kitu: chakula kitakavyoanza kukwama, mpira wa kulishia tumboni, pumzi za usiku, dawa zitakazosaidia na pale zitakapoacha kusaidia. Mzee alisikiliza, na safari hii alisikiliza habari zake mwenyewe. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Na sauti?"

"Utakuwa nayo karibu mpaka mwisho. Itakwaruza."

"Kukwaruza si neno. Wahehe wamezoea sauti za fisi." Alisema bila kucheka, kwa mazoea tu. Kisha akauliza: "Wewe ungependa nisemeje?"

"Siruhusiwi kukwambia."

"Daktari haruhusiwi. Mtani anaruhusiwa kila kitu."

Mkanda ulikuwa unarekodi sauti pia, na Belina alijua kwamba kila neno linahifadhiwa mahali. Alifikiri habari za kazi yake. Alimfikiri mama yake anaomba uji. "Ningependa useme ndiyo," akasema. "Ningependa uishi, mzee wangu. Hata ukichelewa. Hata ukiwa unakaa tu kibarazani husemi kitu."

"Asante," Mzee Gama akasema, akampapasa begani kama anavyopapaswa mfiwa. "Hakuna Mhehe aliyewahi kuniambia maneno mazuri namna hii. Sasa niulize hilo swali lako."

Belina aliuliza kama sheria inavyotaka, jina lake kamili kwanza, halafu jambo lenyewe.

"Hapana," mzee akajibu.

Alijibu palepale, hata swali halijatua.

*

Gaudensia alikuwa ameiona taa. Upande wa nje wa mlango nao ulikuwa na yake, ndogo, ili ndugu wajue. Belina alipotoka alimkuta ameuegemea ukuta, mkoba umeanguka miguuni, hajauokota.

"Kijani ina maana ameelewa," Gaudensia alisema.

"Ndiyo."

"Amesema nini?"

Belina alimwambia. Hakutafuta maneno ya kulizunguka, maana hayakuwapo.

Gaudensia hakupiga kelele, jambo ambalo Belina alikuwa amejiandaa nalo. Alionekana kama anapiga hesabu ambayo jibu lake analikataa, anarudi juu, anaanza upya.

"Ulimsomea yale yaliyoandikwa?"

"Nilianza kusoma. Nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Alikuwa anapanga kwenda kwenye arobaini," Belina alisema. "Alikuwa anadhani atarudi vilevile. Nisingeweza, mwalimu. Ningemkata huku najua hajui."

"Lakini kila neno lilikuwa la kweli!"

"Lilikuwa la kweli. Hakuwa ameelewa."

"Ningeelewa mimi kwa niaba yake! Si ndiyo kazi ya mtoto?" Sasa machozi yalikuja, na Gaudensia akayafuta kwa hasira kwa kiganja. Alimshika Belina mikono yote miwili, akamsogeza mpaka kwenye mlango ambao juu yake ile taa ndogo ilikuwa bado inawaka. Alizungumza kwa upole, kana kwamba neno la baba yake halijafungwa, kama anavyozungumza na mwanafunzi aliyekosea mahali padogo na bado ana nafasi ya kusahihisha.

"Rudi ndani, dada yangu. Nakuomba. Rudi umwambie tena, na safari hii mwambie vibaya."